Mutulie, sawa, lakini tutulie na nini?

Kila mara kitu kikitokea hapa Goma, mashariki ya Kongo, neno ya kwanza yenye inashuka toka kwa wakubwa ni ileile: mutulie. Volkano imepasuka, mutulie. Ardhi inatetemeka, mutulie. Masasi inasikika upande wa Sake, mutulie na muendelee na kazi zenu. Mabenki imefunga, mutulie. Na sisi wenyewe tumeizoea, tunaambiana ku nyumba, ku soko, ku kanisa, mama anaambia mutoto, bibi anaambia bwana, pasta anaambia kanisa nzima.

Mimi sipingi utulivu, hiyo ieleweke tangu mwanzo. Mtu mwenye ametulia anafikiri vizuri, anajua mutoto wake iko wapi, analala usiku, na mji wenye watu wake wametulia hawakanyagani ku barabara siku ya hatari. Chenye ninapinga ni ginsi tunauomba. Tunamuomba mtu utulivu bila kumpa kitu chenye kinauleta, halafu akishindwa tunamuona ni mdhaifu, ao tunasema imani yake ni kidogo. Na wenye tunaomba zaidi ni wale wenye wametikiswa zaidi: mama mwenye ametoka ku kambi, mutoto mwenye amekimbia mara nyingi mbele ya kumaliza primeri, baba mwenye mushahara wake umefungwa mu benki. Mwenye iko na gari, paspoti na ndugu Kampala, huyo hakuna mtu anamuambia atulie, juu iko tayari na chenye kinamtuliza.

Tukamate mwaka 2021. Tarehe 22 Mei, siku ya posho (jumamosi) mangaribi, volkano Nyiragongo ikapasuka. Mbingu juu ya mji ikawa nyekundu na ku zile saa za kwanza hakuna mtu alikuwa na habari kamili, watu walikuwa wanabishana ku barabara kama ni Nyiragongo ao Nyamulagira, volkano ya jirani yake, kama lava inashuka upande wetu ao upande wa parki, na ku telefone kila mtu anatuma picha yenye hajui ni ya leo ao ni ya 2002. Obsevatwari ya volkano hapa Goma ilikuwa imetoka mu kipindi kibaya, pesa ya wafadhili ilikatika 2020 na wakakaa miezi bila hata intaneti ya kutuma data ya mashini zao, kwa hiyo ile usiku ilikuta watu bila onyo ya mbele. Wakubwa wakaomba watu watulie. Watu wakatembea. Wengine upande wa Gisenyi kule Rwanda, wengine upande wa Sake, godoro ku kichwa, mutoto ku mugongo, mbuzi ku kamba. UNICEF ilitangaza kesho yake kusema watoto zaidi ya 150 walitengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 waliogopewa kusema wamepotea. Asubuhi lava ilikuwa imesimama Buhene, karibu kabisa na airport, nyuma yake imeacha nyumba nyingi zimekuwa mawe.

Halafu ikaja ardhi. Ile wiki ilitetemeka mchana na usiku, nyufa zikafunguka ku barabara na ku kuta za nyumba, na watu mingi wakalala nje. Tarehe 27 Mei, usiku wa manane, gavana wa kijeshi Constant Ndima akatangaza kusema kartie (mitaa) kumi za mji zitoke mara moja, juu magma ilikuwa imeonekana chini ya mji na chini ya ziwa Kivu, na kupasuka ingine ingeweza kutokea bila ishara yoyote ao na ishara kidogo sana. Watu mamia ya maelfu wakatoka. Kuna wenye walipanda mabwato kwenda Bukavu, wenye walivuka Rwanda, na wengi sana walishika njia ya Sake.

Sasa angalia hizi tangazo mbili pembeni kwa pembeni, juu hapo njo kuko kitu chenye nataka tuongelee. Ya kwanza ilikuwa na neno ya kutuliza na haikukuwa na habari. Ya pili ilikuwa inatisha kabisa, inaongelea magma chini ya kitanda yako na gaze chini ya ziwa (na ile gaze si hadithi, mu maji ya chini ya ziwa Kivu kumefungwa gaze mingi sana ya kaboni na ya metani), lakini ilisema kartie gani, inatoka leo, inashika njia gani. Sake haikukuwa tayari, maji ilikosekana, fasi ya kulala ilikosekana, watu waliteseka na hakuna mwenye anaweza kusema ilipangwa vizuri. Lakini mimi nilikuwa mu ile barabara na nakumbuka ginsi watu walikuwa wanatembea: wamechoka, wamenuna, lakini wanajua wanaenda wapi na juu ya nini. Usiku wa 22 nilikuwa pia mu barabara, na ile usiku watu walikuwa wanakimbia mbele halafu wanarudi nyuma, wanaulizana, wanalia. Habari mbaya yenye iko kamili ilituliza watu kuliko neno nzuri yenye iko tupu. Hiyo ni jambo kubwa na mpaka leo sioni kama wenye wanatuongoza wameishika.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye aliishi Murara wakati wa 2002, ile usiku ya kwanza alifanya kitu chenye kartie nzima iliongelea kisha. Alichukua karatasi za shule za watoto, kadi ya uchaguzi, sufuria moja, bidon ya maji, akafunga nyumba na kifungulo, akapanga watoto wawili wawili, mkubwa ameshika mudogo, akawaambia kama tunapoteana tunakutana kwa baba yenu mudogo ku Keshero, halafu akatoka bila haraka. Watu walisema yule mama iko na roho ngumu. Mimi niliongea naye, na chenye aliniambia ni kusema 2002 aliona lava na macho yake ikiingia mu mji, na mu mji haikimbii, mtu mwenye anatembea anaiacha nyuma. Na ni kweli. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko ya volkano mingi duniani, mwaka 1977 ilishuka ku mteremko wa mlima na mwendo wenye wanasayansi wanasema ulifika kilometre 60 kwa saa na ikakamata watu mu vijiji, lakini ikishafika ku fasi yenye iko sawasawa inapoa na inapunguza. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya Goma mpaka ku ziwa, ikameza kartie za biashara, ikameza katedrale ya Mtakatifu Yosefu, ikaacha watu zaidi ya laki moja bila nyumba, na bado watu wengi sana walitoka salama juu walikuwa na muda wa kutembea. Yule mama alikuwa na hiyo habari mu kichwa. Roho yake si ngumu kuliko yangu ao yako, yeye alikuwa anajua kitu na sisi hatukijui.

Njo maana nasema kila siku, elimu ya hatari ni kazi ya kutuliza watu. Tuko na rangi za onyo za volkano mu mji huu: kijani ni hali ya kawaida, njano ni kuwa macho, rangi ya machungwa ni kujitayarisha, nyekundu ni hatari yenyewe. Uliza watoto kumi wa shule yako maana ya njano. Uliza mwalimu wao. Njano ni rangi yenye tunaishi nayo karibu kila wakati na watu mingi hawajui inawaomba nini, wengine wanaogopa bure kila wanaiona, wengine hawaiangalii tena hata kidogo, na vyote viwili ni matokeo ya kutofundishwa.

Kuko kitu kingine tunachanganya, na hapa itabidi niongelee maneno kidogo juu ni ndani ya maneno njo tunapotezea. Huku kwetu mtu akiteseka tunamuambia kaza roho. Ao vumilia. Ao nyamaza, usilie, watu wanakuangalia. Na hizi zote tunaziweka mu kapu moja na tulia. Kukaza ni kushika kitu kisianguke, na mtu anaweza kukaza siku moja, mwezi, hata mwaka, lakini misuli inachoka. Kutulia ni wakati hauhitaji tena kushika. Mwenye anakaza na mwenye ametulia, ukiwaangalia toka nje wanafanana kabisa, wote wawili wako kimya, wote wawili wanakuambia «tunasonga», lakini moja akiguswa kidogo anapasuka, na tunashangaa, tunasema jana alikuwa muzuri, ni nini imemushika.

Wazee wetu walijua hiyo tofauti, na ushahidi ni ginsi tunafanya kilio. Siku ya kwanza ya kilio hakuna mtu mwenye akili anaambia mama mwenye amefiwa atulie. Analia kwa sauti, anajitupa chini, wanawake wanamushika, wengine wanalia naye hata kama hawakumjua marehemu sana. Wanaume wanakaa nje karibu na moto, wanaongea, wananyamaza, wanaongea tena. Mtu anapika, mtu anachota maji, mtu anaandika michango ya kila mtu ku daftari. Watu wanalala pale. Na siku zinapita, sauti inashuka yenyewe, siku moja unaona yule mama amekaa, anaeleza ginsi marehemu alikuwa anapenda sombe, hata anacheka kidogo. Hakuna mtu alimuamuru. Utulivu wake umekuja nyuma ya kelele, umekuja juu watu walikuwa pale, chakula ilikuwa pale, na hakuachwa peke yake usiku.

Sasa niambie, ni lini mji huu ulifanya kilio ya mambo yenye imeupata? Volkano ilipita, tukarudi kuuza ndizi. Vita ilipita, tukarudi kuuza ndizi. Tarehe 3 Oktoba 2024 bwato yenye ilitoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu wenye walikuja kupokea ndugu zao, watu walikuwa mu ile bwato juu barabara ya Minova ilikuwa imekatwa na vita, na kisha wiki chache watu wakawa wanapanda tena mabwato ileile juu hakuna njia ingine. Sisemi kazi isimame. Kazi ni dawa pia, nitafika hapo. Lakini mutoto mwenye alisimama Kituku ile siku, nani alikaa naye?

Watu wa upande wa Mugunga, Bulengo na Lac Vert wanajua mazuku. Ni ile gaze ya kaboni (CO2) yenye inatoka mu ardhi ya volkano, haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inajaza mashimo na mabonde madogo ya lava. Inakuwa mbaya zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo, hewa imesimama kabisa, fasi inaonekana nzuri na ya amani. Mbuzi akishuka anaanguka. Mutoto anaanguka mbele ya mtu mkubwa juu kichwa yake iko karibu na chini. Upepo ukivuma na jua ikitoka, gaze inatawanyika. Nawaza mazuku kila mara naona nyumba yenye kila mtu amenyamaza kisha jambo kubwa, baba anaangalia ukuta, mama anaosha sahani yenye iko safi tayari, na wageni wanasifu kusema hii familia imetulia sana. Wa kwanza kuanguka mu nyumba kama hiyo ni watoto: mutoto anaanza kukojoa kitanda tena ku umri wa miaka kumi, mutoto anapigana shuleni, mutoto hataki kubaki peke yake ku choo. Halafu tunampiga fimbo.

Nikuje ku neno yenye inanikera, hiyo rezilianse, maana yake uwezo wa kuvumilia na kusimama tena. Imeletwa na maongezi ya mashirika, iko ku ma-affiche, iko ku ma-gilet, iko mu ma-rapporti, na siku hizi hata vijana wa hapa wanaitumia kwa kujisifu: sisi watu wa Goma ni watu wa rezilianse. Naelewa kwa nini inapendwa, inatupa heshima. Na kuna ukweli ndani, angalia tu ile sanamu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukuma mizigo, ya rangi ya dhahabu ku rond-point, mji wetu ulichagua kama alama yake mtu mwenye anasukuma mzigo, na ni haki, watu wa chukudu wanatoa makala, viazi na mashu toka Kibumba na Rutshuru, mizigo ya kilo mamia ku mbao mbili na gurudumu mbili, na wanalisha familia. Lakini ukiongea na mwenyewe wa chukudu hatakuambia habari ya rezilianse. Atakuongelea barabara. Atakuongelea barieri, na pesa yenye anaombwa ku kila barieri. Atakuongelea goti lake. Kumsifu kwa ginsi anabeba bila kuuliza ni nani anaongeza mzigo, mimi naona ni kosa, na inakuwa kosa mbaya zaidi wakati sifa inachukua fasi ya msaada: kwa kuwa munajua kuvumilia, mutavumilia na hii.

Kuhusu mwili nitasema kidogo tu, juu waganga (madaktari) wako na wanaeleza vizuri kuliko mimi. Mtu akishtuka, mwili unamtayarisha kukimbia ao kupigana, moyo unapiga haraka, pumzi inakuwa fupi, usingizi unakimbia, tumbo inakaza. Hiyo si ugonjwa, ni kazi ya mwili. Shida inaanza wakati hatari haiishi, mwili unabaki mu hali hiyo miezi na miaka, na hapo njo unasikia watu wanasema niko na presha, kichwa inazunguka, moyo unaruka, nasikia tetemeko yenye wengine hawasikii. Kisha 2021 watu mingi hapa walisikia tetemeko yenye haiko, unakaa ku kiti unaona glasi inatingika, kumbe ni moyo wako. Kuna kitu kimoja chenye kinasaidia na hakiombi pesa, ni kutoa pumzi polepole, muda wa kutoa uwe mrefu kuliko muda wa kuingiza, unafanya hivyo dakika chache, na moyo unapunguza mwendo, hiyo ni kazi ya neva yenye inatoka ku ubongo mpaka ku moyo na tumbo. Kuimba inafanya vilevile, juu mwenye anaimba anatoa pumzi ndefu, na mimi nadhani ni sababu moja (si yote) yenye watu wanatoka ku kwaya ya asubuhi na uso mwingine.

Na kama imezidi, kuko fasi ya kwenda. Hapa Goma kuko Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili, na Bukavu kuko SOSAME. Jina lenyewe la Tulizo Letu napenda, juu ya ile «letu». Lakini angalia ginsi watu wanaongelea mtu mwenye ameonekana ku mlango wa kituo kama hicho: amekuwa kichaa, wamemuloga, ukoo wao iko na kitu. Mwanamke anaweza kutembea kilometre kumi kutafuta maombi ya kufunga na kukesha, na akaona haya ya kupita mlango wenye uko pembeni ya nyumba yake. Mimi ni mtu wa kanisa, naomba, naamini Mungu anatuliza roho, na sioni ugomvi wowote kati ya maombi na muganga. Pasta mwenye anaambia muumini wake aache dawa juu imani yake imuponye, huyo amechukua mzigo mkubwa sana na siku moja atauulizwa.

Kuna chenye watu wa mahubiri ya utulivu hawapendi kuongelea, nacho ni pesa. Mwisho wa Januari 2025, kisha waasi wa M23 kuingia mu mji, mabenki ikafunga na airport ikafunga. Siingii mu siasa, naongelea nyumba. Mwalimu mwenye mushahara wake ulikuwa unapita ku benki, anaupata wapi? Akipata ndugu wa kumtumia ku telefone, mwenye anamtolea cash anakata yake, na noti zenye zinazunguka zimechoka, dola ikiwa na kitobo kidogo wanaikataa ku soko. Huyu mtu ukimufundisha kupumua polepole, ni vizuri, apumue, lakini kesho asubuhi bei ya unga itapandisha moyo tena. Sijaona kitu kimetuliza wanawake wa avenyu yetu mu hiyo kipindi kuliko likelemba. Kila wiki wanatoa kidogo, kila wiki moja anakamata yote, na mwenye zamu yake iko wiki ijayo unamuona ku uso, ameanza kulala. Hajatajirika. Anajua tu wiki ijayo iko na kitu ndani. Wanawake wale wako na daftari ya shule yenye imechorwa mistari kwa mkono, na kwa mimi ile daftari ni dawa ya usingizi kuliko vidonge vingi vyenye vinauzwa Birere bila karatasi ya muganga.

Kazi pia. Niliahidi nitafika hapo. Kuna wenye wanasema mtu aliyeumia apumzike, akae, asifanye kitu, na kwa siku za kwanza nakubali. Lakini mtu mwenye anakaa miezi mu hema anaangalia mikono yake, hiyo inamumaliza. Wakati kambi za Bulengo na Lushagala zilikuwa zimejaa, niliona wamama wanashona vikapu hata kama hakuna mnunuzi, na mmoja aliniambia, «Kaka, mikono ikifanya, kichwa inanyamaza kidogo.» Sijasikia maelezo bora kuliko hiyo kwa mtu yeyote mwenye diplome.

Kuna swali yenye najua itakuja: watu wakipewa habari yote, hawatatishika zaidi? Si ni afadhali kuficha kidogo ili mji usipanike? Nimesikia hiyo kwa watu wenye wako na nia nzuri. Jibu langu ni kusema mu mji wenye kila mtu iko na telefone, kuficha haiko tena, kuko tu kuacha fasi tupu, na ile fasi tupu inajazwa kwa dakika moja na mesaji ya sauti ya mtu mwenye hajulikani anasema ziwa imeanza kuchemka. Watu wanakimbia juu ya ile sauti. Na kama wakubwa walidanganya jana ili watu watulie, leo wakisema ukweli nani atawaamini? Siku ya kweli itakuja, volkano hii haijaisha, na siku hiyo tutahitaji kuamini sauti moja.

Chenye kinaweza kufanyika hakiombi mfadhili. Radio za hapa zinasoma bei ya dola kila asubuhi, zisome na rangi ya volkano, kwa Kiswahili, na maana yake, kila siku hata kama haijabadilika. Shule zifundishe watoto njia ya kutoka mbele ya kufundisha urefu wa Mont Blanc. Makanisa zipange siku ya kulilia wenye tumepoteza, siku ya kweli, yenye mtu anaruhusiwa kulia kwa sauti na hakuna mtu anamkimbiza na neno ya kumfunga mdomo.

Ku avenyu yetu tulianza na kitu kidogo. Tulikaa na shefu wa avenyu, tukakubaliana fasi ya kukutana kama watu wametengana, njia ya kwanza na njia ya pili, na nani mwenye pikipiki atabeba wazee wenye hawawezi kutembea. Tulitaka pia kuandika majina ya kila nyumba na hesabu ya watoto, lakini familia zingine zilikataa, waliogopa hiyo karatasi itaangukia mu mikono ya nani, na kwa ginsi mji uko siwezi kuwalaumu. Kwa hiyo hakuna karatasi. Kila nyumba inachunga nyumba mbili zenye ziko pembeni yake, inajua watoto wao kwa jina, inajua mzee wao analala chumba gani, na mwezi ujao tutazunguka kuulizana kama bado tunakumbuka.